Ukimaliza jiolojia, kazi iko wapi? Njia tano za diplome ya mawe na udongo huku mashariki

Kila mwaka vyuo vikuu vya Bukavu, Goma na Lubumbashi vinatoa vijana waliosoma jiolojia. Wazazi wengi wanafikiri njia ni moja tu: kampuni ya madini. Kumbe njia ziko zaidi, na kila njia ina mlango wake. Shida ni hii: mlango huo mara nyingi unafunguliwa wakati mwanafunzi angali chuoni, si baada ya sherehe.

Siku ya kolasyo, familia inavaa vizuri, wanapiga picha, wanakula wali na nyama. Kesho yake maswali yanaanza. Mjomba anauliza, jirani anauliza, hata watu wa kanisani wanauliza: «Mutoto amemaliza, sasa kazi iko wapi?» Kwa yule aliyesoma udaktari ao sheria, watu wanajua pa kumwelekeza: hospitali, tribunali. Kwa yule wa jiolojia, wengi wana jibu moja: «Si huku kwetu kuna dhahabu na koltani? Aende kwenye madini.»

Jibu hilo ni ukweli nusu. Ni kweli kwamba Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Maniema, Ituri, Tanganyika na Haut-Uele zina dhahabu, kasiterite, koltani na wolframite. Lakini sehemu kubwa ya madini ya Kivu inatolewa na wachimbaji wa mikono, wale tunaowaita kreseri, na kwenye mashimo yao ni mara chache sana kumkuta mwanajiolojia. Kampuni kubwa zenye mashine, maabara na mshahara wa kila mwezi ni za kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana kijana anaweza kuzunguka mwaka mzima na dosye chini ya kwapa, katikati ya jimbo lenye madini kila upande.

Nusu ya pili ya ukweli haizungumzwi sana. Udongo huu huu wenye dhahabu una volkano zinazowaka, ziwa lenye gesi chini yake, vilima vinavyoporomoka na vijiji visivyo na maji safi. Kazi zote hizo zinaomba mtu anayeelewa dunia inavyotembea chini ya miguu yetu. Mtu huyo ndiye mwanajiolojia.

Kwanza, kuelewa diplome yenyewe

Jiolojia ni elimu ya dunia: mawe, udongo, maji yaliyo chini, milima, volkano na matetemeko. Huku mashariki inasomwa kwa Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu (UOB) na Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM). Wengine wanashuka mpaka Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), chuo kilichozaliwa mwaka 1955, wakati mji ule ukiitwa bado Elisabethville, karibu na migodi ya shaba. Wengine wanasafiri mpaka Kinshasa.

Kuna jambo moja ambalo limechanganya wazazi na hata watoa kazi. Zamani mwanafunzi alisoma miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi. Aliyeitwa «lisansye» alikuwa na miaka 5 ya chuo. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya inchi nzima viliingizwa katika mfumo wa LMD: lisansi ni miaka 3, masta ni miaka 2, kisha doktora. Neno «lisansi» limebaki lile lile, lakini uzito wake umebadilika. Lisansi ya zamani ni miaka 5, lisansi ya sasa ni miaka 3.

Hii si hadisi ya makaratasi tu. Tangazo la kazi likisema wanatafuta mtu wa miaka 5 baada ya diplome ya serikali, kijana mwenye lisansi ya LMD peke yake haingii. Anapashwa kuwa na masta. Familia inayohesabu minervali inapashwa kuhesabu hivyo tangu siku ya kujiandikisha: je, tuna nguvu ya kumfikisha miaka 3, ao miaka 5? Mtoto akisimama kwa miaka 3, kuna kazi anazoweza kufanya, lakini ajue ni zipi.

Njia ya kwanza: kampuni za madini

Hii ndiyo njia ambayo kila mtu anaijua kwa jina, lakini wachache wanajua kazi yenyewe inavyokuwa.

Mwanajiolojia hachimbi. Kazi yake inaanza kabla ya shimo. Anatembea milimani na GPS, nyundo na mifuko midogo, anaokota vipande vya mawe na udongo wa mtoni, anaandika kila kimoja kilipotoka. Anachora ramani. Kampuni ikiona dalili nzuri, inaleta mashine ya kutoboa, inayotoa mawe marefu ya mviringo kama fimbo kutoka chini sana. Mwanajiolojia anakaa siku nzima mbele ya mawe hayo, anayasoma mita kwa mita, anachagua vipande vya kupeleka maabara. Mwishoni hesabu inafanywa: kuna tani ngapi, na katika kila tani kuna gramu ngapi za dhahabu ao kilo ngapi za bati. Bila hesabu hiyo, hakuna benki inayotoa pesa za kufungua mgodi.

Mgodi ukisha kufunguliwa, kazi inabadilika. Sasa anafuatilia kila siku ni jiwe gani lipelekwe kwenye kiwanda na lipi litupwe.

Nafasi za namna hii ziko wapi? Katika Haut-Uele kuna mgodi wa dhahabu wa Kibali, upande wa Watsa, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2013. Katika teritware ya Walikale kuna mgodi wa bati wa Bisie. Nje ya mashariki, soko kubwa ni la shaba na kobalti: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Vijana wengi wa Kivu waliopata kazi ya mgodi wameipata huko, mbali na nyumbani.

Hatari ya njia hii inajulikana. Bei ya madini ikianguka, ao vita ikikaribia, kazi inasimama. Migodi ya dhahabu ya Banro, Twangiza katika Kivu ya Kusini na Namoya katika Maniema, ilisimama mwaka 2019. Mwezi wa tatu 2025 Bisie nayo ilifunga mapigano yalipokaribia, ikarudilia mwezi wa ine. Mikataba ya wakati wa kutafuta madini, yaani kabla mgodi haujafunguliwa, mara nyingi ni ya miezi michache tu. Kijana anayeingia huko anapashwa kujua kwamba mshahara ni mzuri, lakini haukai kama wa ofisi.

Kuna mlango mwingine pembeni: kampuni ndogo zinazopewa kazi na kampuni kubwa, kama vile kutoboa, kupima na kusafirisha vipande vya mawe. Sheria ya mwezi wa pili 2017 juu ya kazi za namna hiyo inazitengea kampuni za Wakongomani. Vijana wawili ao watatu waliojiunga, wakawa na makaratasi ya kampuni yaliyo sawa, wanaweza kuomba kazi ndogo huko kuliko kungoja kila mtu peke yake.

Njia ya pili: ofisi za serikali na wachimbaji wa mikono

Serikali ina ofisi nyingi kwenye madini. Divisheni ya Madini iko katika kila jimbo. SAEMAPE inasaidia na kufuatilia wachimbaji wa mikono. CEEC inapima madini na kutoa cheti kabla hayajatoka inchini. CAMI inalinda ramani ya kare zote za madini. Kuna pia Service Géologique National, inayoshugulika na ramani ya mawe ya inchi nzima.

Kuingia humo kunaomba subira. Mara nyingine kijana anaanza kama mstajeri, kisha anatumika bila matrikile, akingoja jina lake litokee kwenye listi ya malipo. Wengine wanangoja miaka. Ni vizuri familia ijue hilo, ili isifikiri kwamba mtoto anayetoka asubuhi na beji ya serikali anarudi na mshahara.

Lakini kazi yenyewe ni ya maana sana. Kanuni za madini zinakataza shimo la mkono kupita mita 30 kwenda chini. Kila mtu aliyefika Kamituga, Misisi ao Rubaya anajua kwamba mashimo yanapita hapo. Mwezi wa kenda 2020, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu kule Kamituga na watu wapatao 50 ao zaidi wakapoteza maisha. Mtu anayejua kusoma mteremko, aina ya udongo na njia ya maji angeweza kusema mapema: hapa musiingie wakati wa mvua, hapa muongeze mbao, hapa mufunge kabisa.

Kodi ya Madini ya tarehe 11 mwezi wa saba 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inaomba wachimbaji wa mikono wawe ndani ya kooperative na watumike katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao. Kooperative nyingi zina prezidenti, sekretere na mtunza feza, lakini hazina mtaalamu wa mawe. Mara nyingine wakubwa wa shimo wanaona ni kupoteza franga. Kijana anayeweza kuwaonyesha mstari wa madini unakoelekea, ili wasichimbe wiki tatu bure, anaweza kulipwa. Hiyo ni kazi ambayo hakuna ofisi inayoitangaza, lakini iko.

Tena kuna upande wa raia. Kodi ya 2018 inasema kwamba ushuru unaotoka kwenye madini unagawanywa: 50 kwa 100 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sheferi, sekta ao mji ambapo madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Kampuni inapashwa pia kutenga angalau 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Sasa, mwami na baraza lake watajuaje kama hesabu ya tani ni ya kweli? Mashirika ya raia yanayofuata mambo ya madini yanahitaji mtu anayesoma ripoti ya kampuni na ramani ya CAMI bila kudanganywa. Huyo si lazima awe mwanasheria peke yake.

Njia ya tatu: volkano, ziwa na vilima

Hapa ndipo elimu hii inagusa kila nyumba, hata ya yule ambaye hajawahi kuona jiwe la koltani.

Nyiragongo ililipuka tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma. Mwaka 2021 ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na siku tano baadaye mamia ya maelfu ya watu waliambiwa wahame, wengine kuelekea Sake, wengine Rwanda, kwa sababu wataalamu waliona dalili kwamba lava inatembea chini ya mji na chini ya ziwa.

Waliokuwa wakisoma dalili hizo ni watu wa Observatoire Volcanologique de Goma, OVG, kwa kusaidiana na watafiti wa inje. Mizizi ya kazi hiyo iko Lwiro, katika teritware ya Kabare, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa Wabelgiji na ambacho mpaka leo kinafuata matetemeko. Kazi ya kila siku ni kusoma mashine za matetemeko, kupima udongo kama umevimba kwa milimita chache, kupima gesi na joto, na kupanda mlima wenye urefu wa mita 3.470 wakati usalama unaruhusu.

Ni njia ya heshima, lakini nafasi ni chache na pesa zinategemea sana wafadhili. Kabla ya mlipuko wa 2021, msaada mmoja mkubwa kutoka inje ulikuwa umeisha mwaka 2020, na OVG ilibaki ikitafuta hata pesa za intaneti ya kuleta habari za mashine ofisini. Kwa mkaaji wa Goma, hilo ni jambo la kukumbuka: mshahara wa mwanajiolojia wa volkano si mambo yake peke yake, ni usalama wa mji.

Karibu na volkano kuna mazuku, ile hewa nzito inayokaa mabondeni upande wa Sake na Goma, inayoua mbuzi, na hata watoto wanaoshuka kuokota kuni. Ni gesi ya kaboni inayotoka udongoni. Kuchora ramani ya mazuku kartye kwa kartye, kuweka alama, kufundisha wakimbizi wasisimike hema mahali pale, hiyo pia ni kazi ya watu wa jiolojia pamoja na watu wa protection civile.

Ziwa Kivu lenyewe, lenye kina cha mita 485, limebeba chini yake kilometa za ujazo karibu 300 za gesi ya kaboni na karibu 60 za metani. Upande wa Rwanda, metani inatoa umeme tayari. Upande wa Congo, serikali ilitangaza mwaka 2022 mnada wa bloku 3 za gesi. Siku kazi hiyo itakapoanza kweli, itaomba watu wanaojua maji, gesi na mawe ya ziwa hili. Kama watoto wa hapa hawakujitayarisha, watu watatoka mbali.

Kisha kuna vilima. Bukavu imejengwa juu ya miteremko, na kuna kartye, kama Funu, ambapo udongo unatembea polepole mwaka kwa mwaka. Nyumba inapasuka, barabara inavunjika. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008, tetemeko la nguvu 5,9 lilipiga upande wa Bukavu na Cyangugu. Katika Uvira, mto Mulongwe ulivunja kingo zake mwezi wa ine 2020. Na tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua ya siku moja ilifagia Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa, siku ya soko.

Kila baada ya msiba kama ule, mashirika yanatafuta mtu wa kusema ni wapi watu wanaweza kujenga tena bila hatari. Kazi hiyo inafanywa kwa ramani, picha za satelaiti na kutembea milimani. Wale waliofanya memwari yao juu ya maporomoko ndio wanaoitwa wa kwanza.

Njia ya ine: maji, ujenzi na mazingira

Goma imekaa juu ya mawe ya lava. Hakuna mto unaopita mjini. Maji yanavutwa ziwani, ao watu wanakinga mvua. Tena, karibu na volkano, mvua na vyanzo vingine vya maji vinaweza kubeba fluori nyingi, inayoharibu meno ya watoto. Kujua maji yako wapi, yana nini ndani, na kisima kitobolewe kina gani, hiyo ni kazi ya mwanajiolojia wa maji. Mashirika ya misaada yanayotoboa visima na kutengeneza vyanzo vijijini yanaajiri watu wa namna hiyo. Wanataka mtu anayejua kutumia mashine ya kupima umeme wa udongo na kuandika ripoti fupi yenye kueleweka. Kutoboa kisima mahali pasipo na maji ni kutupa pesa nyingi shimoni, na hiyo inatokea pale mtaalamu hakuitwa.

Ujenzi ni mlango mwingine. Barabara, daraja, barazhi ya umeme, jengo la gorofa: vyote vinaomba kujua udongo unabeba uzito gani. Enjenyeri anajua beto na chuma, lakini anahitaji mtu wa kumwambia kuna nini mita 10 chini. Karyeri za mawe ya kujengea nazo zinahitaji mtu wa kuchagua jiwe zuri na kuchimba bila kuangusha kilima juu ya nyumba za watu.

Upande wa mazingira, sheria inaomba kila mradi wa kuchimba madini uwe na uchunguzi wa athari zake kwa mazingira na kwa watu. Uchunguzi huo unafanywa na byuro zilizokubaliwa, kisha unapitia Agence Congolaise de l'Environnement. Byuro hizo zinachukua wanajiolojia kwa wiki chache ao miezi. Si kazi ya kudumu, lakini inaleta uzoefu, na uzoefu ndio kila tangazo la kazi linaomba.

Njia ya tano: kubaki chuoni

Kwa wale waliokuwa na pointi nzuri, chuo kinaweza kuwashika kama asistani. Kwa kawaida inaomba distinction, ni kusema angalau 70 kwa 100. Ngazi zinajulikana: asistani, kisha shefu wa travo, kisha baada ya doktora, profesa asosye, profesa, na juu kabisa profesa ordinere. Kupanda kunaomba kuandika makala za sayansi, na kwa ngazi za juu kunaomba doktora.

Watu wanaona heshima ya jina, hawaoni njia yenyewe. Asistani wengi wapya wanaanza bila mshahara wa serikali. Ndio wale wanaoitwa «nouvelles unités», wasiokuwa bado kwenye listi ya malipo. Wanaishi kwa prime ndogo inayotoka kwenye minervali ya wanafunzi, na kwa kazi za pembeni. Mgomo ukitokea, ni wao wanaoumia kwanza.

Doktora nayo mara nyingi inapitia bursi ya inje. Kwa jiolojia ya mashariki, Ubelgiji una uhusiano wa miaka mingi, hasa kupitia Musée ya Tervuren, inayofanya utafiti wa volkano na maporomoko pamoja na watafiti wa hapa. Lakini Ulaya si njia peke yake. Umoja wa Afrika una chuo kwa ajili ya sayansi za maisha na za dunia kule Ibadan, Nigeria, kinachotoa bursi kwa vijana wa inchi zote za Afrika. Karibu na sisi kuna Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambavyo vinafundisha jiolojia kwa Kiingereza.

Wengine wanaingia kufundisha sekondari: jiografia, kemia, fizikia. Ni kazi nzuri, lakini mwalimu asiye na masomo ya ualimu anaweza kuwekwa chini kwenye ngazi, na mwalimu mpya naye anangoja kuingia kwenye malipo. Anayetaka njia hii afanye mapema masomo ya agregasyo.

Mlango unafunguliwa lini?

Ukiangalia njia zote tano, jambo moja linarudi. Kile kinachomtofautisha anayepata na anayekosa si diplome peke yake, sababu diplome wote wanayo. Ni mambo manne yanayofanyika chuoni.

La kwanza ni staji. Wanafunzi wengi wanatafuta staji mahali pa karibu ili wapate tu karatasi yenye muhuri. Staji ya mwezi mmoja kwenye kisima, kwenye OVG, kwenye SAEMAPE ao kwenye byuro ya ujenzi ina faida kuliko muhuri, kwa sababu pale ndipo mtu wa kwanza wa kusema «huyu namjua, anatumika vizuri» anapatikana.

La pili ni memwari. Kichwa cha memwari ndicho kinachosema wewe ni mtaalamu wa nini. Aliyeandika juu ya maji ya Goma atasikilizwa na mashirika ya maji. Aliyenakili memwari ya zamani kwa kubadilisha jina la kijiji, siku ya mahojiano ya kazi anashikwa kwa swali la pili.

La tatu ni ordinatere. Ramani za leo hazichorwi kwa kalamu. Programu ya QGIS ni ya bure, na picha za satelaiti za Sentinel ni za bure pia. Kijana mwenye ordinatere ya kuazima na intaneti ya saa mbili kwa siku anaweza kujifunza. Watoa kazi wengi wanauliza hilo kabla ya kuuliza pointi.

La ine ni luga. Kifaransa cha ripoti kinapashwa kuwa safi. Kiingereza kinafungua migodi, bursi na mashirika. Na Kiswahili, pamoja na luga ya kijiji, kinafungua kinywa cha mzee anayejua wapi maji yalikuwa yakitoka zamani na wapi kilima kilianguka wakati wa babu yake.

Kuna neno pia kwa wasichana. Kwenye machimbo mengi bado kuna imani kwamba mwanamke akikaribia shimo, madini yanakimbia. Familia zingine zinamkataza binti kusoma jiolojia juu ya hilo, ao juu ya safari za milimani. Lakini maabara, ramani, maji, mazingira na volkano vinamsubiri yeye kama kaka yake, na migodi ya kampuni inachukua wanawake.

Na onyo moja: kazi ya kweli haiombi franga za kufungua dosye, wala haitumwi kwa ujumbe wa simu ukisema umekwisha kuchaguliwa kabla hujaomba. Anayetafuta kazi ajiandikishe kwa ONEM, afuate matangazo, na kabla ya kutuma diplome yake kwa mtu asiyemjua, aulize ofisi yenyewe.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

Kabla ya kulipa minervali ya mwaka wa kwanza, mzazi na mtoto wakae pamoja. Tunaweza kulipa miaka 3 ao 5? Mtoto anapenda kutembea milimani, ao anapenda maabara, ao ordinatere? Yuko tayari kutumika mbali na nyumbani, Kolwezi ao Watsa? Na kila mwaka warudilie swali moja: mwaka huu umejua kufanya nini kwa mikono yako ambacho mwaka jana hukujua?

Mtoto akiwa na jibu kila mwaka, siku ya kolasyo mjomba anaweza kuuliza. Na hata kama kazi haijapatikana siku ile, familia itajua inatafutwa kwenye mlango gani.